Mkuu Aliyesubiri Tuungame

Ukimsema vibaya mtu huyu pale Iringa, jiandae kujibiwa. Sokoni watakujibu, hospitali watakujibu, kanisani ndiyo usiguse kabisa. Watakuuliza: yule mzee aliyevua koti lake la mvua akampa mjane? Yule aliyetuletea viazi gunia zima wakati wa msiba? Ndiyo, huyo huyo. Hata mimi nimekula viazi vyake, vya Igowole, vile vyekundu vinavyopasuka vyenyewe kwenye sufuria. Sikatai. Lakini Editha yuko Madibira mpaka leo, hashiriki Meza ya Bwana, jina lake limechafuliwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na kinachotakiwa kumsafisha ni neno kutoka kinywani mwa mtu huyo. Kwa hiyo mtaniwia radhi. Nitamsema.

Tulimwita Mkuu kwa sababu alikuwa mkuu wa maabara katika hospitali moja ya kanisa, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alikuwa mrefu, mkavu, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, viatu vimefungwa kamba mara mbili. Alinukia spiriti na sabuni ya kipande. Alinawa mikono mpaka viwikoni hata harusini, mhudumu wa maji anasubiri na birika lake mpaka anachoka, na foleni nyuma inaguna. Ugali alikula kwa kijiko. Wakwe zake, nasikia, walimnunia miaka mingi kwa ajili ya kijiko hicho, wakidhani anawaona wachafu, kumbe mwenzao hata nyumbani kwake alikula hivyohivyo.

Mimi alinipokea kazini nikitokea Tukuyu, mdomo mrefu, sijui kunyamaza. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia. Akasema, "Aa, watu wa ndizi. Mna haraka. Humu haraka iache pale mlangoni, utaikuta jioni." Tangu siku hiyo akaniita Binti Tukuyu, na nadhani hakuwahi kunitaja kwa jina langu hata mara moja.

Sasa niwaeleze habari ya kutengwa, maana asiyekulia kwenye usharika anaweza asielewe. Kwetu mtu akikosa, labda amezaa nje ya ndoa au ameoa wa pili, wazee wa kanisa wanamtenga. Anakuja ibadani, anaimba, anatoa sadaka, ila Meza ya Bwana hagusi. Akiwa tayari anakwenda mbele ya wazee anatubu, Jumapili anasimamishwa mbele ya watu, anaombewa, anarudishwa kundini. Wote tumekua tukiona hivyo. Mkuu alikuwa mzee wa kanisa, na kwa kuwa huko aliona utaratibu huo unafanya kazi, aliubeba mzimamzima akauingiza maabara.

Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimama koridoni. Wimbo mmoja, neno fupi, sala. Kisha Mkuu anavua miwani, anaifuta, anauliza, "Nani ana neno?" Hapo aliyevunja kanuni ya usalama anapita mbele. Ulivuta sampuli kwenye mrija kwa mdomo? Sema. Ulikula karanga pembeni ya hadubini? Sema. Ulipokea simu ukiwa na glovu zenye damu? Sema, na useme nani angeumia, uombe radhi. Baada ya hapo unatengwa. Hugusi sampuli. Unakaa dirisha la mapokezi kupokea vikopo vya mkojo na kuandika namba, mpaka Mkuu atakapoona umekomaa. Siku ya kurudishwa tunaimba tena, kila mmoja anakupa mkono, na Mkuu mwenyewe anakuvalisha koti lako.

Tatizo ni lile dirisha. Liliangalia nje, kwenye mabenchi ya wagonjwa, na mji mzima ulishajua maana yake. Mama wa nyanya anakuja kupima malaria, anachungulia, anacheka: "Kamwene dada! Leo umewekwa dirishani? Umefanya nini tena?" Ukifika nyumbani, jirani anajua. Jumapili ukiingia kanisani unakuta vichwa vinageuka, kwa sababu Mkuu wa maabara ndiye huyo mzee wa kanisa, na watu hawakujua kutofautisha alichokutengea huku na cha kule. Na kweli, wangetofautishaje?

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiandike tu onyo kama maofisi mengine, au akate mshahara. Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Serikali ikitupiga faini, hospitali inalipa. Aibu, Binti Tukuyu, mtu analipa mwenyewe."

Na tusidanganyane, mwanzoni ilifanya kazi. Waliomtangulia walikuwa wameiacha maabara kama kilabu cha pombe. Watu wanakunywa chai kati ya makopo ya makohozi. Kwenye friji la vitendanishi, zile dawa za kupimia, ungekuta nyama ya mtu, imefungwa kwenye mfuko mweusi, inasubiri jioni. Krismasi moja daktari mmoja mkubwa aliweka humo mguu wa mbuzi. Mkuu akautoa, akaubeba mikononi kama mtoto mchanga, akapita nao wodi zote mpaka ofisini kwa mwenyewe, akauweka juu ya meza, akasema, "Daktari, kesho asubuhi tunasali saa moja kasorobo. Karibu." Na daktari akaja! Akasimama koridoni, shingo imeinama, akaungama habari ya mbuzi. Hakuna muuguzi hospitali nzima ambaye hakusikia. Wiki hiyo tulitembea vifua mbele.

Zaidi ya hapo, hakujiacha yeye. Asubuhi moja aliuliza nani ana neno, kimya. Akavaa miwani, akajibu mwenyewe: "Mimi ninalo." Jana yake alifungua mlango akiwa na glovu. Akataja kitasa, akataja wote tulioshika kitasa kile baada yake, akaomba radhi, akaenda kukaa dirishani, mkuu mzima, na nywele zake nyeupe. Wagonjwa walidhani amefukuzwa kazi. Bibi mmoja alilia. Sisi tulimpenda siku ile, nasema kweli. Ungemwambia mmoja wetu aruke dirishani kwa ajili yake angeuliza dirisha lipi.

Alikuwa na misemo yake. "Kosa lililosemwa limekufa nusu." "Glovu huzuia damu, haizuii uongo." Huo wa pili tuliutania hata nyumbani, mume wangu akichelewa kurudi nilimwambia glovu haizuii uongo, na yeye hajui hata nasema nini.

Lakini msemo uliotuua ulikuwa huu: "Sindano haina miguu."

Kwa Mkuu hapakuwa na ajali. Kulikuwa na kosa tu. Sindano haina miguu, haikufuati mezani ikuchome. Ukichomwa, basi ulirudishia sindano kifuniko, au ulikuwa na haraka, au akili ilikuwa kwa mchumba. Asidi haina mabawa. Chupa haijirushi. Kwa hiyo kusema "nimejichoma" kulikuwa sawasawa na kusema "nimezini." Mbele ya watu, koridoni, na kisha dirishani. Ndugu zangu, mnadhani watu wakafanyaje?

Wakaungama vidogo, wakaficha vikubwa. Hatukufundishwa na mtu. Asubuhi mmoja anasimama anaungama kutafuna big'jii. Mwingine anaungama kwamba alivaa kandambili. Sauti inatetemeka vizuri kabisa, Mkuu anafurahi, na huku chini ya glovu ana plasta. Kuna kijana mmoja aliunguzwa mkono na asidi akasema ni maji ya ugali, mkewe akalaumiwa na ukoo mzima kwa kummwagia mumewe maji ya moto. Tulikuwa tumesafika kweli, huku tunaoza.

Halafu wakaja wakaguzi wa usalama kazini. Walikuja na gari lao na vitambulisho shingoni, na watu wa maabara nyingine walikuwa wanawaogopa, maana wanaandika faini, na wakikasirika wanafunga chumba. Wakapima mtungi wa kuzimia moto. Wakafungua bomba la kuoshea macho. Wakaomba daftari la ajali, wakakuta kurasa nyeupe. Mimi nilidhani watashtuka. Maabara inayopokea damu ya wodi zote, miaka yote ile, mtu hata mmoja hajajichoma? Hata fundi cherehani hujichoma! Kiongozi wao akafunga daftari, akampa Mkuu mkono, akasema laiti zote zingekuwa hivi. Mei Mosi iliyofuata Mkuu akaitwa mbele uwanjani, mfanyakazi hodari, akapewa cheti chenye fremu na blanketi. Blanketi alilipeleka wodi ya watoto siku ileile. Cheti alikitundika juu ya sinki, ili tukisome tunaponawa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na ndicho kinachoniudhi, kwamba huwezi kumchukia ukamaliza. Hakunywa pombe, lakini shambani kwake Igowole alikuwa na mianzi, na msimu wa mvua aliigema mwenyewe, akawakaribisha majirani ulanzi, yeye akikaa katikati na kikombe cha chai, akicheka vichekesho vya walevi kuliko walevi wenyewe. Aliogopa mbwa kama nini. Msibani alilia kwa sauti kama mwanamke wa kwetu, bila haya, hata marehemu akiwa mtu aliyemjua kwa kumpima choo tu. Nilipojifungua alikuja na mkewe, akasimama mlangoni, akakataa kumshika mtoto kwa kuwa ametoka kazini. Akamwombea kutokea pale mlangoni, mvua inamnyeshea mgongoni.

Basi, Editha.

Alikuwa meza ya pili kutoka kwangu. Msichana mcheshi, anayecheka kabla hujamaliza kichekesho. Mahari ilikuwa imepokelewa, kamati ya harusi ilikuwa inakaa kila Jumamosi, na bwana harusi aliimba besi katika kwaya ya usharika ule ule wa Mkuu. Siku moja alikuwa anasukuma sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, ambalo lilikuwa limejaa kupita kiasi na hakuna aliyelibadilisha. Sindano ikatoboa pembeni ya boksi ikaingia kidoleni. Hakurudishia kifuniko. Hakuwa na haraka. Alikuwa anasogeza boksi.

Alijua la kufanya, sote tulijua. Unanawa, unasema, unapelekwa kuanza dawa za kinga kabla siku tatu hazijaisha. Dawa zilikuwepo, jengo la pili tu, unavuka bustani. Lakini ili kuvuka bustani ilibidi kwanza kupita koridoni. Akajiona amesimama asubuhi mbele ya watu. Akajiona yuko dirishani, na wanakamati wa harusi wanapita, na mama mkwe anapita, na Jumapili vichwa vinageuka: bibi harusi katengwa, amefanya nini? Akanawa, akafunga plasta, akavaa glovu, akanyamaza. Hata mimi hakuniambia.

Miezi ikapita. Kanisa letu haliwafungishi watu ndoa bila kupima. Wakapima. Bwana harusi hana virusi. Editha anavyo.

Hapo ndipo aliposema. Akaeleza boksi, akaeleza kidole, akalia mpaka sauti ikakatika. Na kila alipokwenda alikutana na swali moja: mbona hukusema siku ile? Ofisi ya hospitali ikamwambia fidia ya kuumia kazini inataka taarifa ya ajali, na taarifa haipo. Bwana harusi akamwambia anyamaze tu, na harusi ikavunjika. Kwaya ikamwona mzinzi. Baraza la wazee likamwita, na kati ya wazee alikuwemo Mkuu wetu, amevaa suti yake nyeusi, miwani mkononi. Editha aliniambia alikuwa anamwangalia yeye tu, kwa kuwa ndiye peke yake mle ndani anayejua sindano ni nini. Mkuu akatazama meza.

Mimi nilikwenda mbele ya wazee wale, bila kuitwa. Nikawaambia maabara yetu watu wanajichoma na kuficha, mimi nawaambieni. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole: "Mama, siku hiyo ulimwona akichomwa?" Sikumwona. "Kuna yeyote aliyemwona?" Nikageuka kumtazama Mkuu anisaidie. Akabaki anaangalia meza. "Basi mama, nenda kwa amani."

Wakamtenga kwa uzinzi. Wakamwambia akitubu watamrudisha upesi, hakuna anayetaka apotee. Akawajibu, na neno hili nalisikia mpaka leo: "Sindano nitaitubu hata sasa hivi. Uzinzi siujui." Hajatubu mpaka leo. Anauza kwenye duka la dawa Madibira, anakunywa dawa zake kila siku, afya yake njema, amenenepa kidogo. Mama yake yuko Iringa, mzee sana sasa, na yeye ameacha kwenda mezani tangu siku hiyo. Anasema hawezi kumwacha mtoto nyuma kwenye benchi akaenda kula peke yake. Ombi lake ni kushiriki mara moja tu na bintiye kabla hajafa. Wazee wanamwambia mtoto atubu, au aje mtu aliyeona.

Mimi niliondoka Iringa na hasira, nikapata kazi Mbeya. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu chembe za damu nikasikia mtu nyuma yangu anapiga kelele, "Jamani, nimejichoma!" Alipiga kelele hivyo kama mtu aliyekanyaga msumari kwao. Mkuu wa pale, mama mmoja mnene wa Kisafwa, akaacha alichoshika. "Nawa, nawa, usikamue! Maji mengi! Wewe, mshike mkono mpeleke kwenye dawa, wewe mwingine shika meza yake." Wakaondoka wanakimbia, mmoja anamtania kwamba sasa amepata likizo. Kesho yake walikaa wakauliza kwa nini boksi lilijaa, na nani wa kulibadilisha, na basi. Hakuna aliyesimamishwa. Dada yule alimaliza dawa zake, akapimwa, yuko salama. Mimi siku ile nilitoka nje nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Mkuu alistaafu kwa sherehe, akahamia shambani Igowole. Mwaka huu, mama yake Editha alipolazwa, nikaona hapana, mdomo huu nimepewa wa nini? Nikapanda basi.

Alifurahi kuniona mpaka nikaona aibu. "Binti Tukuyu! Mama, njoo uone nani!" Amepungua, mgongo umepinda, lakini vifungo vyote vimefungwa. Mkewe akaleta chai na viazi. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za nani amefariki. Ndipo nikamwambia kilichonileta. Nikamwomba aende kwa wazee awaambie jambo moja tu: kwamba katika maabara yake mtu angeweza kuchomwa na akaficha. Wewe wanakuheshimu, nikasema, wataamini.

Akavua miwani akaifuta.

"Hakuna haja ya kuwaambia angeweza," akasema. "Nilimwona."

Nikadhani sikusikia. "Ulimwona nani?"

"Editha. Nilikuwa chumba cha vitendanishi, mlango u wazi. Alikuwa kwenye sinki anakamua kidole. Damu ilikuwa inatoka. Nikajua."

Mkewe alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaiweka chini. "Baba, ulimwona?"

"Nilimwona. Kesho yake asubuhi niliuliza nani ana neno, nikauliza tena mara ya pili. Akasimama, nikamshukuru Mungu. Akaungama kwamba jana alifanya kazi na kifungo kimoja cha koti kimefunguka." Akatikisa kichwa. "Nikasubiri. Siku ya pili nikasubiri. Ya tatu nikauliza tena. Toba ya kulazimishwa si toba, Binti Tukuyu. Nilitaka aje mwenyewe."

"Siku ya tatu," nikasema. "Mkuu, siku ya tatu ulijua dawa zinaisha kazi."

"Nilijua. Niliomba sana usiku ule."

Nikatoa simu nikampigia Editha. Alipopokea nikamwambia kuna mtu nataka azungumze naye, nikaweka sauti ya nje, nikamkabidhi mzee simu.

"Bwana asifiwe, binti yangu."

"Amina, Mkuu." Alimjua papo hapo.

"Binti yangu, mbona hukuja?"

"Ungenisimamisha, Mkuu."

"Ndiyo. Ningekusimamisha." Hakudanganya, hata hapo. "Lakini ningekurudisha. Nilikuona pale kwenye sinki. Nilikusubiri."

Tulisikia kuku wa Madibira upande wa pili. Tulisikia mteja anaulizia dawa ya kikohozi na Editha hamjibu.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mkuu," akasema, polepole, "na mimi nilikuwa nasubiri uniulize tu."

Akakata. Mkuu akaitazama simu, akaifuta kwa leso yake pande zote, akanirudishia. Mkewe alikuwa ameshika mdomo kwa khanga.

"Mwambie aje Jumapili yoyote," akasema Mkuu. "Akiungama kwamba alificha, mimi nitasimama kumshuhudia. Nitasema nilimwona."

Nikamwambia, "Hapana. Jumapili simama wewe. Yeye akae na mama yake."

"Mimi?" Alishangaa kweli. Macho yale mazee yalinitazama bila hila yoyote, macho ya mtu aliyejichunguza kila asubuhi maisha yake yote. "Mimi nimekosa nini?"

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka. Nikakaa tena. Nikamwambia. Nilimwambia yote, boksi, koridoni, dirisha, kijana wa asidi, kurasa nyeupe, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mama mzee kwenye benchi la nyuma, na sikupunguza neno kwa ajili ya umri wake wala viazi vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema nimpe muda, ni jambo zito, lazima aliombee kwanza.

Nimempigia simu mara nyingi tangu hapo. Huwa anapokea haraka, ananiuliza hali ya mume na watoto, anamwulizia na mama yake Editha, ambaye hajatoka wodini. Nikimuuliza lile jambo letu ananijibu kwa upole uleule wa siku zote, kwamba bado anaomba.